Nani Alimpa Mtoto Sukari?

Binamu yangu alilazwa mwaka wa 2016, akiwa darasa la nane. Grupu ya familia kwenye WhatsApp ilijaa maombi kwanza, kisha lawama.

Kwa wiki tatu alikuwa akinywa maji kama mtu aliyetembea kutoka Lodwar. Usiku anaamka mara nne kwenda chooni. Sketi ya shule iliyomtosha Januari sasa ilikuwa inashikiliwa na pini. Duka la dawa mtaani walisema ni malaria, wakauza dawa. Zahanati wakasema taifodi, kwa sababu Nairobi ugonjwa ukikosa jina huitwa taifodi. Siku ya kumkimbiza hospitali alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kasi, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Muuguzi wa zamu alimdunga kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Sukari ilikuwa juu hadi kimashine hakikutoa namba yoyote.

Alipona. Siku ya tatu alikuwa ameketi kitandani akiuliza simu yake iko wapi. Lakini shangazi yake, dadake babake, alikuwa ameshatoa hukumu kwenye grupu: "Si niliwaambia? Huyo mtoto mlikuwa mnampa soda na biskuti sana. Nani alikuwa anampa sukari yote hiyo?"

Mama mdogo hakujibu. Alitoka kwenye grupu, na hakurudi kwa zaidi ya mwaka. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kwao ndiko kulikuwa na masharti kuliko nyumba zetu zote. Chai ya kijiko kimoja, soda ni Krismasi. Sisi wengine tuliokunywa soda kama maji tulikuwa wazima kabisa.

Nimekaa na swali la shangazi miaka hii yote. Nilianza kusoma ili nimjibu, nikakuta watu wameliuliza kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kila kizazi kilikuwa na mtu wake wa kumlaumu.

Hebu tuanze na jina lenyewe. Sisi tunasema kisukari, au ugonjwa wa sukari. Waganga wa India ya kale waliona siafu na chungu wakikusanyika mahali wagonjwa fulani walipokojoa, wakauita ugonjwa huo mkojo wa asali. Waliona pia kwamba una sura mbili: kuna vijana wembamba wanaokufa haraka, na kuna watu wazima wanene wanaoishi nao kwa muda. Aretaeus wa Kapadokia, daktari aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza jinsi nyama ya mwili inavyoyeyuka na kutoka na mkojo. Hakuwa amekosea sana. Ukimwona mtoto aliyepungua kilo kumi kwa mwezi, utaelewa alichoona. Baadaye Ulaya wakaongeza kwenye jina la ugonjwa neno la Kilatini lenye maana ya utamu wa asali.

Wote hao waliupa ugonjwa jina la kile walichokiona kikitoka. Jina linakuambia sukari inaonekana wapi. Halisemi ilitoka wapi, wala kwa nini mwili umeshindwa kuitumia. Lakini sisi tukisikia "ugonjwa wa sukari" tunasikia kesi tayari imeamuliwa: kuna mtu alikula sukari.

Ushahidi wa kwanza mzito dhidi ya wazo hilo ulitoka kwa mbwa. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akaanza kukojoa bila kukoma, na mkojo ulipopimwa ulikuwa na sukari. Hakuna aliyekuwa amemlisha keki. Kiungo kimoja kilichojificha nyuma ya tumbo kilikuwa kimeondolewa, na mwili ukapoteza uwezo wa kutumia chakula chake wenyewe.

Hata hivyo, kwa miaka mingine thelathini hivi, tiba kuu iliendelea kuwa kumnyima mgonjwa chakula. Marekani, Daktari Frederick Allen aliwapa wagonjwa, watoto wakiwemo, chakula kidogo sana. Mantiki ilikuwa kwamba kama mwili hauwezi kutumia sukari, basi usipewe. Baadhi ya watoto waliishi miezi au miaka michache zaidi kwa njia hiyo, wakiwa mifupa na ngozi. Wengine walikufa kwa njaa badala ya kisukari. Wazazi walifundishwa kupima kila kijiko, na mtoto akiiba kipande cha mkate, hatia ilikuwa ya nyumba nzima.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Leonard Thompson wa Toronto, mvulana wa rika la binamu yangu, mwenye uzito wa kilo thelathini hivi. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa dawa iliyotengenezwa kutokana na kongosho la ng'ombe, kazi ya Frederick Banting na Charles Best katika maabara ya profesa John Macleod. Haikusaidia sana, na ilimletea jipu. Tarehe 23 Januari alidungwa tena, safari hii kwa dawa iliyosafishwa na mkemia James Collip. Sukari ikashuka. Leonard aliishi miaka 13 zaidi. Dawa hiyo ndiyo insulini, na haki zake ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mgunduzi, ili isigeuzwe mali ya mtu mmoja. Karne moja baadaye kuna wazazi hapa kwetu wanaouza kuku kununua chupa moja, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Insulini ilifungua swali jipya. Mwaka 1936, daktari Mwingereza Harold Himsworth alionyesha kwamba wagonjwa hawakuitikia insulini kwa namna moja. Wengine waliihitaji tu na sukari ikashuka vizuri. Wengine miili yao ilikuwa sugu kwake. Kwa hiyo waganga wa kale wa India waliona vizuri: ni magonjwa mawili yenye jina moja. Leo tunayaita aina ya kwanza na aina ya pili.

Mwaka 1974, Gian Franco Bottazzo na wenzake jijini London walipata katika damu ya baadhi ya wagonjwa kingamwili zinazolenga seli za kongosho lao wenyewe. Yaani kwa aina ya kwanza, askari wa mwili wanageuka na kushambulia kiwanda cha insulini. Kinachoongeza hatari ni jeni fulani zinazohusika na kinga, na huenda maambukizi ya virusi fulani yanayoamsha shambulio hilo. Kuwa na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huo huongeza hatari, lakini watoto wengi wanaoupata hawana mtu yeyote katika familia aliyewahi kuwa nao. Sukari ya chai haimo kwenye orodha hiyo. Biskuti hazimo. Mama hayumo.

Hiyo ndiyo aina aliyonayo binamu yangu. Kwa hiyo jibu la swali la shangazi, kwa kesi hii, ni rahisi: hakuna aliyempa.

Ningeishia hapo kama si kumbukumbu ya shingo ya mwanafunzi mwenzangu.

Tulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Alikuwa mnene, mcheshi, na nyuma ya shingo alikuwa na mkanda mweusi, ngozi nene kidogo kama mahameli. Mwalimu wa zamu alimtoa mstarini asubuhi moja, akamwambia akaoge shingo. Alirudi bado ni nyeusi. Akaambiwa arudi tena, na achukue jiwe. Nakumbuka akirudi mara ya tatu, shingo imechubuka hadi damu, sisi tukicheka. Hata mimi nilicheka.

Miaka mingi baadaye ndipo nilijifunza kwamba mkanda ule mara nyingi ni dalili kwamba mwili umekuwa sugu kwa insulini. Kongosho linatengeneza insulini nyingi zaidi na zaidi ili kulazimisha mlango ufunguke, na insulini hiyo nyingi inachochea ngozi ya shingo na kwapa kukua na kuwa nyeusi. Ni ishara inayoweza kuja miaka kadhaa kabla ya aina ya pili ya kisukari. Mwili ulikuwa unatoa taarifa, na sisi tukaipiga msasa.

Kwa muda mrefu vitabu viliita aina ya pili kisukari cha watu wazima. Mtoto hakutarajiwa kuwa nayo. Mahali ambapo imani hiyo ilivunjika ni mbali na Nairobi, lakini ukisikia habari zake utadhani ni za hapa.

Kusini mwa mji wa Phoenix, Arizona, kando ya mto Gila, wanaishi Akimel O'odham, jina lenye maana ya watu wa mto. Wageni waliwaita Wapima. Mababu zao walichimba mifereji jangwani na kulima mahindi, maharagwe, maboga na pamba, baadaye na ngano. Katikati ya karne ya 19, Wamarekani waliokimbilia dhahabu California walipita kwao wakiwa na njaa, na wao ndio waliowauzia chakula. Walikuwa ghala la wapita njia.

Kisha walowezi wakahamia sehemu za juu za mto na kuchimba mifereji yao. Kufikia mwisho wa karne hiyo maji yaliyobaki kwa Akimel O'odham hayakutosha kulimia. Ikaja miaka ya njaa. Watu waliokuwa wakiuza ngano wakaanza kukata miti na kuuza kuni. Baadaye serikali ikawa inawagawia chakula: unga mweupe, mafuta ya nguruwe, sukari. Kutokana na mgao wa aina hiyo, wenyeji wa Marekani walitengeneza mkate wa kukaanga ambao ukiuona utadhani ni mandazi makubwa bapa. Leo watu wanauita chakula cha asili.

Mwaka 1940, Elliott Joslin, daktari mashuhuri wa kisukari Marekani, alichapisha uchunguzi wake kuhusu Arizona, na hakuona kwamba wenyeji wa jimbo hilo wanaugua kuliko Wamarekani wengine. Miaka ya 1960 watafiti wa serikali walipofika mto Gila na kupima damu, walikuta takriban nusu ya watu wa miaka 35 na zaidi wana kisukari. Na mwaka 1979 wakachapisha ripoti ya jambo ambalo vitabu havikulitarajia: aina ya pili ya kisukari kwa watoto na vijana.

Maelezo ya haraka yalikuwa tayari. Tangu 1962 mwanasayansi James Neel alikuwa amependekeza kwamba kuna watu waliorithi jeni bahili, jeni zilizowasaidia mababu kuhifadhi mafuta wakati wa njaa, na ambazo sasa zinawadhuru wakati wa shibe. Wazo hilo liliwapendeza wengi. Kama ni jeni, basi hakuna aliyeiba mto.

Tatizo ni kwamba Wapima wana ndugu zao Mexico, milimani Sonora, wenye asili moja nao. Hao waliendelea kulima kwa mikono na kula walichovuna. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 6.9 ya watu wazima wa Mexico, na asilimia 38 ya ndugu zao wa Arizona. Damu ni moja, lakini upande mmoja wa mpaka maisha ya shamba yaliendelea, na upande mwingine yalikatizwa.

Jambo jingine lililotoka huko ndilo linalonihusu zaidi kama mtu wa kizazi hiki. Watafiti waliwafuatilia watoto tangu mimba. Ripoti ya 1988 ilisema hivi: kati ya vijana wa miaka 20 hadi 24 ambao mama zao walikuwa tayari na kisukari wakiwa wajawazito, asilimia 45 walikuwa nacho. Kati ya wale ambao mama zao hawakuwa nacho kabisa, ni asilimia 1.4. Unaweza kusema basi ni urithi tu. Lakini mwaka 2000 walilinganisha ndugu wa mama mmoja, waliozaliwa kabla na baada ya mama kuugua. Wale waliozaliwa baada walikuwa kwenye hatari mara 3.7 zaidi. Mama yule yule, ukoo ule ule, ila tumbo lilikuwa na sukari nyingi zaidi. Mtoto alipokea hali ya wakati aliobebwa. Na waliponyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi miwili ya kwanza, hatari ilikuwa ndogo.

Nikisoma hayo najiuliza tunasema nini tunapomwambia kijana wa miaka 15 kwamba ni ulafi wake. Kesi ilianza kabla hajazaliwa, kwenye mto ambao hajawahi kuuona ukiwa na maji.

Je, sukari yenyewe haina kosa? Inalo, na historia imetupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya makusudi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Uingereza iligawa sukari kwa kadi. Mgao huo uliendelea hadi Septemba 1953. Ulipoondolewa, ulaji wa sukari karibu uongezeke maradufu kwa muda mfupi. Kwa hiyo kuna watoto waliotungwa na kukua kabla ya siku hiyo, na wengine baada yake, katika nchi ile ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwalinganisha wakiwa wazee. Wale waliopitia siku elfu moja za kwanza, kuanzia tumboni hadi miaka miwili, wakati wa mgao, walikuwa na hatari ya aina ya pili ya kisukari iliyo chini kwa takriban asilimia 35. Na ugonjwa ulipowapata, ulichelewa kwa miaka minne hivi.

Kwa hiyo sukari ina kesi, ila uzito wake uko mahali tusipopaangalia: uji wa mtoto mchanga, juisi ya chupa, chai ya mjamzito. Na waliopunguza sukari hiyo hawakuwa akina mama wenye nidhamu ya ajabu. Ilikuwa serikali na kadi ya mgao.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la kitabibu la London kuhusu kazi yake Kavirondo Kusini, upande wa Kisii na Nyanza Kusini ya leo. Katika miaka miwili hivi walilazwa wagonjwa 1,800, na hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Maandishi kama hayo yalisaidia kujenga imani kwamba Mwafrika hapati magonjwa ya "ustaarabu." Imani hiyo ilikuwa na ukweli wa wakati wake, lakini ilidumu kuliko ukweli wenyewe. Ukishaamini kwamba watu fulani hawapati ugonjwa fulani, hununui kimashine cha kuupima. Mtoto akifa akipumua kwa kasi, unaandika malaria au nimonia. Zahanati iliyompa binamu yangu taifodi ilikuwa bado inafanya kazi ndani ya imani hiyo, bila kujua.

Wakati huo huo mambo yalikuwa yanabadilika. Kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, ni cha miaka ya 1920. Baada ya uhuru zikaja Muhoroni, Chemelil, kisha Mumias miaka ya 1970. Serikali ilitaka wakulima wapate pesa na nchi ijitosheleze, na kwa miaka kadhaa miwa ilisomesha watoto wengi. Shosho yangu husimulia jinsi sukari ilivyokuwa kitu cha wageni, inafungwa kwenye karatasi na kuhesabiwa. Leo kiberiti kinaweza kukosekana nyumbani, sukari haikosi. Chai ya rangi yenye vijiko vinne na andazi moja ni chakula cha mchana cha mjengoni, kwa sababu inashibisha kwa shilingi chache. Ukimwambia fundi huyo ale mboga na samaki, atakuuliza kama unalipa.

Na kuna suala la mahali pa kuchezea. Mwili wa kijana anayekimbia hutumia sukari ya damu vizuri zaidi, hata bila kupunguza uzito. Ubalehe wenyewe hufanya mwili uwe sugu kwa insulini kwa muda. Ndiyo maana aina ya pili kwa watoto huonekana zaidi kuanzia miaka kumi hivi. Huo ndio umri tunaowafungia ndani wakisoma tangu alfajiri hadi usiku, na usingizi tunawakatia. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezunguka uwanja wao. Walipoandamana, polisi waliwarushia vitoa machozi. Nchi nzima iliona picha za watoto waliovaa sare wakikohoa. Tuliiita kesi ya unyakuzi wa ardhi, na ndivyo ilivyokuwa. Nikiisoma pamoja na habari za mto Gila, naona pia kesi ya afya. Watoto wale walirudishiwa uwanja. Shule ngapi hazikurudishiwa, na ngapi mtaani zilijengwa ghorofani bila uwanja tangu mwanzo?

Kuna sehemu moja zaidi, na ndiyo inayovuruga kabisa hukumu ya shangazi. Mwaka 1955, Philip Hugh-Jones, daktari aliyefanya kazi Jamaica, alieleza kuhusu vijana wembamba wenye kisukari ambao hawakuingia vizuri kwenye aina ya kwanza wala ya pili. Shirika la Afya Duniani likatambua kisukari cha utapiamlo mwaka 1985, kisha likakiondoa kwenye orodha mwaka 1999 kwa madai kwamba ushahidi hautoshi. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakirudisha kwa jina la aina ya tano. Mwaka huo huo utafiti uliofanywa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya vijana walioambiwa wana aina ya kwanza hawakuwa na zile kingamwili za Bottazzo. Kwa baadhi yao, ni ugonjwa wa namna nyingine.

Fikiria maana yake. Kuna watoto huku kwetu ambao huenda kongosho lao halikukua vizuri kwa sababu walikosa chakula, tumboni au utotoni. Halafu wanapougua, jirani anauliza nani aliwapa sukari yote hiyo. Mtoto wa njaa anashtakiwa kwa shibe.

Sisemi hakuna cha kufanya. Kipo, na vingi vinajulikana. Mtoto anayekunywa maji sana, anayekojoa sana, anayekonda na kuchoka, au aliyeanza tena kukojoa kitandani, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Ni tone moja la damu na dakika moja. Mjamzito apimwe kliniki. Mtoto mchanga asitiwe sukari kwenye uji, na maziwa ya mama yasiharakishwe kuachwa. Soda iwe kitu cha sherehe. Kijana mnene mwenye mkanda mweusi shingoni apelekwe kliniki, asipewe jiwe. Lakini ukishasema hayo yote kwa mzazi, bado una deni la kusema kwa anayepanga jiji, anayepanga ratiba ya shule, na anayeamua zahanati ya kata iwe na vipimo au isiwe navyo.

Binamu yangu sasa anasoma chuo. Anajidunga mara nne kwa siku na anajua kuhesabu wanga kwenye sahani kuliko mimi ninavyohesabu nauli. Kwenye harusi anakula keki, anajidunga, anaendelea kucheza. Watu bado humwambia, "Pole, kwani ulikuwa unapenda sukari?" Siku hizi anacheka tu.

Mwaka jana shangazi alinitumia picha kwenye simu, si kwenye grupu. Ilikuwa shingo ya mjukuu wake, miaka 12. Aliandika: "Mwanangu, wewe husoma mambo haya. Hii ni uchafu? Tumesugua na haitoki."

Nilimwambia wasisugue, wampeleke apimwe. Akanyamaza kwa muda mrefu, alama zile za mtu anayeandika zikija na kupotea. Kisha akauliza, "Ni mimi nimempa?" Maanake yeye ndiye anayeishi naye, mzazi wa mtoto yuko Qatar kikazi.

Ningeweza kumkumbusha 2016. Niliandika tu kwamba hakuna mtu mmoja anayempa mtoto ugonjwa huu, na kwamba wamewahi.

Walienda Jumatatu. Sukari ilikuwa juu ya kawaida, bado haijafika kiwango cha kisukari, na daktari alisema bado kuna nafasi ya kuirudisha. Niliambiwa hayo na mama mdogo. Yeye ndiye aliyewasindikiza, kwa sababu anajua foleni ya kliniki hiyo, na anajua ni dirisha gani ufike kabla ya saa mbili asubuhi.